Je, wajua kwa nini "nitaandika" ya Waserbia ilianza kama "nataka kuandika"?

Ile -ta- ya "nitakuja" ni kitenzi "taka" kilichokatwa mkia. Weka kirejeshi uone mkia ukirudi: "atakayekuja". Kiserbokroatia, kinachozungumzwa Serbia, Kroatia, Bosnia na Montenegro kwa majina manne, kimepita njia hiyohiyo bila kujuana nasi.

"Kutaka" kwao ni htjeti. Serbia wengi husema hteti. Herufi j isome kama y yetu, na ć kama ch laini. Shina lake limerithiwa kutoka lugha mama ya Waslavi wote, ndiyo maana Mrusi naye ana hotet na Mpoland ana chcieć.

Wakati uliopo huenda hivi: hoću (nataka), hoćeš (unataka), hoće (anataka), hoćemo (tunataka), hoćete (mnataka), hoće (wanataka). Ndiyo, "anataka" na "wanataka" zinafanana. Maana huonekana kwenye kiima. Ć imetokana na t iliyokutana na y: hot-yu ikawa hoću.

Hiyo -u ya mwisho ndiyo utamu wenyewe. Karibu vitenzi vyote vya lugha hii, nafsi ya kwanza umoja, huishia na -m: radim (nafanya kazi), pišem (naandika), čitam (nasoma). Zamani mambo yalikuwa kinyume. Vitenzi vingi vilikuwa na irabu iliyotamkwa puani, ambayo baadaye ikawa -u, na -m ilikuwa ya vitenzi vichache tu kama "kuwa" na "kupa". Vichache hivyo vikaambukiza vingine vyote. Katika lugha sanifu ya leo waliogoma ni wawili: hoću na mogu (naweza). Vitenzi vinavyotajwa kila saa huwa vigumu kunyooshwa.

Sasa wakati ujao. Ondoa ho- mbele, ubaki na ću, ćeš, će, ćemo, ćete, će, kisha ongeza kitenzi: Ja ću pisati, "mimi nitaandika". Ukiacha ja, kitenzi hutangulia. Mkroatia huandika pisat ću, Mserbia huandika pisaću, na matamshi ni yaleyale. Serbia utasikia pia ja ću da pišem.

Wanafunzi hukwama hapa: ću haisimami peke yake wala haianzi sentensi. Hukaa nafasi ya pili: Sutra ću doći, "kesho nitakuja". Ukiulizwa Hoćeš li doći? (utakuja?), usijibu ću, jibu hoću, umbo refu.

Katika ukanushi, ne na hoću huungana kuwa neću, na hapo maana mbili hukutana tena: neću doći yaweza kuwa "sitakuja" au "sitaki kuja". Anayesikia hupima kwa sauti na mazingira.

Wakati uliopita, mwanamume husema htio sam (Serbia hteo sam), mwanamke htjela sam au htela sam. Mkahawani, hoću inasikika kama amri. Sema htio bih kavu, au htjela bih kwa mwanamke, yaani "ningependa kahawa". Ukiwa Sarajevo iite kahva: wao wameipata kwa Waturuki, sisi kwa Waarabu, na asili yake ni neno moja la Kiarabu.