Burboni za kabatini Nairobi: tunayoambiana na vile ukweli uko

Juzi binamu yangu alinipigia simu akiwa dukani huko Ngong Road, ameshika chupa moja ya bei kali sana, anauliza kama aanze koleksheni yake ya burboni, ile wiski ya Marekani, na hiyo. Nikamuuliza mbona hiyo, akaniambia iko na miaka mingi halafu ikikaa nyumbani itazidi kuiva. Nikamwambia airudishe kwanza tuongee, juu watu wengi hapa Nairobi wanapoteza pesa kwa hizo fikira mbili na zingine kama hizo.

“Ikikaa kabatini inazidi kuwa tamu”

Hapana kabisa. Wiski inaivia kwenye pipa, ikishaingia kwenye glasi imesimama hapo hapo. Chupa ya miaka 8 ukiiweka miaka 20 bado ni ya miaka 8. Inachoweza kufanya nyumbani ni kuharibika tu. Mimi chupa yangu ya pili niliilaza vile watu hulaza divai, baada ya mwaka mmoja na kitu kizibo kilikuwa kimelegea kikakatikia ndani, kwa sababu kileo cha asilimia 45 kinakula kizibo. Kwa hivyo isimamishe, iweke mahali pa giza, mbali na dirisha, jua la mchana linaua rangi na ladha. Na ikibaki robo usiiache hapo miaka, hewa imeshakuwa nyingi ndani, alika watu muimalize.

“Miaka mingi ndio ubora”

Hii tumeitoa kwa Scotch, wiski ya Scotland, si ndio tulikulia nayo, miaka 12, miaka 18, kila mtu anahesabu. Lakini Scotch nyingi hukaa kwenye mapipa yaliyotumika tayari, tena kwenye baridi. Burboni kwa sheria inaingia pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani mpaka likawa makaa, na kiangazi cha Kentucky, huko Marekani burboni nyingi zinakotoka, ni joto la ukweli, basi mti unaingia kwenye kinywaji haraka. Ya miaka 6 au 8 inaweza kuwa imeiva vizuri sana, na ya 15 ikawa chungu, unaonja mbao tu. Mapipa yakishatumika mengi hupelekwa huko huko Scotland, kwa hivyo hiyo Scotch yako pengine imelala kwenye kitanda cha burboni.

Badala ya kuhesabu miaka, soma lebo. Ikiandikwa Straight imekaa pipani si chini ya miaka 2, na ikiwa haijafika 4 lazima waseme umri, kwa hivyo Straight isiyo na umri kwenye lebo ni miaka 4 kwenda juu. Halafu kuna Bottled in Bond, hii naipenda sana. Ni sheria ya Marekani ya 1897, ilitungwa wakati wafanyabiashara walikuwa wanachanganya wiski na rangi na vitu vingine, na sisi hiyo hofu ya kinywaji kilichochanganywa tunaijua vizuri. Inataka kinywaji cha mtengenezaji mmoja, msimu mmoja, miaka si chini ya 4 kwenye ghala linalosimamiwa na serikali, kileo asilimia 50 kamili. Ukiipata kwa bei nzuri, beba.

“Lazima itoke Kentucky”

Nyingi zinatoka huko, lakini sheria inasema Marekani, jimbo lolote. Cha muhimu ni nafaka, mahindi yasipungue asilimia 51, na isiongezwe rangi wala ladha, maji peke yake. Ndiyo, mahindi kama haya ya ugali. Mtu aliyeona busaa ikipikwa nyumbani anaelewa hii kitu haraka, kimea cha wimbi kinageuza unga kuwa sukari, na huko kwao kazi hiyo hiyo inafanywa na kimea cha shayiri.

“Bila Pappy au Blanton’s hiyo si koleksheni”

Hizo ni burboni za kutafutwa sana na watu wa koleksheni. Vile vizibo vya farasi vya Blanton’s ni vizuri, viko 8, kila kimoja na herufi yake, na vinatamka jina lote, naelewa mtu akivitafuta. Lakini ukianzia huko utakuwa na chupa moja unaogopa kuifungua na hujui burboni ni nini. Kwangu koleksheni inaanza na ulimi. Chukua Buffalo Trace, iko na rai kidogo, ile nafaka inayofanana na ngano, chukua Maker’s Mark yenye nta nyekundu, hiyo imewekwa ngano badala ya rai kwa hivyo ni laini, halafu Wild Turkey 101 ya asilimia 50.5. Mimina kidogo kidogo kwenye glasi tatu, onja kwa zamu, ongeza matone ya maji ukiona inachoma, maji hayaiharibu. Usiku huo mmoja utajua unapenda upande gani na chupa ya nne utaichagua mwenyewe.

“Mzinga wa 700 ml ni feki”

Mzinga tumezoea 750, lakini chupa zinazotengenezewa soko la Ulaya ni 700 na nyingine hufika huku. Feki huijui kwa hiyo. Skani stampu ya KRA kwa app yao ya Soma Label, angalia kizibo kama kimeguswa, na bei ikiwa nusu ya kila mahali achana nayo. Chupa tupu za bei zina wateja wao, kwa hivyo mimi nikimaliza nakwaruza lebo kabla ya kutupa, tafadhali fanya hivyo pia, unamwokoa mtu usiyemjua.

“Nitauza baadaye nipate faida”

Kuuza pombe Kenya ni kwa leseni, zile sheria za Mututho za 2010 bado ziko. Nunua ya kunywa na ya kuwapa watu wako.

Na ukiwa na mtu anakuja kutoka Marekani, mwambie mapema, pale JKIA bila ushuru ni lita moja tu ya pombe kali kwa mtu mzima. Hiyo ni chupa moja, kwa hivyo mwambie jina kamili la unayotaka, kama ni Bottled in Bond mtumie picha ya lebo.