Ukiandika "Sina", nitakupigia simu

Jana nimefika fomu ya 40 katika bunda la mwaka huu, na neno lile lile nimeshalikuta mara 11: "Sina." Kipengele cha saba kinamuuliza mwombaji amewahi kuongoza nini. Wa Kiuyu kaandika "Sina." Wa Konde, "Sina." Wa Kengeja kaongeza na adabu: "Samahani, sina." Katikati yao iko fomu ya kijana aliyejaza vyeo vinane, nafasi ikamwishia, akapachika na karatasi ya ziada kwa stepla.

Nasimamia ufadhili wa wanafunzi wa vyuo unaokwenda na huduma kwa jamii na uongozi. Ofisi yetu iko Chake Chake, Pemba. Dhana potofu nazisikia za kila namna, lakini inayonichosha kuliko zote ni hii ya kwamba kiongozi ni mwenye cheo.

Tazama usaili unavyokwenda. Kijana wa vyeo vinane anakaa, tai imenyooka. Namuuliza: ulipokuwa kaka mkuu wa skuli ulifanya nini? "Nilikuwa nawawakilisha wanafunzi." Wapi? "Kwenye vikao." Kikao gani, na baada yake kilibadilika nini? Anatazama feni. Wala simlaumu sana, maana tangu skuli watu wamemuuliza jina la cheo tu, wakaridhika.

Mwaka juzi aliingia binti wa "Sina". Alikuja na mama yake, mama akaketi nje ya mlango, lakini yote anayasikia. Nikamuuliza likizo huwa anafanya nini. Akasema humsaidia mama daftari la kikundi. Kikundi gani? Cha hisa, cha kina mama wa mwani. Nikaweka kalamu chini. Mwenye kuvijua vikundi hivi anajua kuwa sanduku ni moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu mbalimbali, na hisa, mikopo na mfuko wa jamii vyote roho yake iko kwenye daftari. Binti huyu, akiwa kidato cha tano, aligundua mikopo miwili imeandikiwa marejesho mara mbili. Mmoja ulikuwa wa shangazi yake. Hakwenda kunong'ona jikoni kwa mtu. Aliomba kikao kizima pesa zihesabiwe kwa sauti, fungu kwa fungu, sanduku likiwa wazi, na tangu siku ile kila kikao hufunguliwa hivyo.

"Shangazi alininunia miezi miwili," akasema.

"Mitatu," sauti ya mama ikatoka nje.

Sasa huyu ndiye aliyeniandikia "Sina". Aliona tatizo, akawakusanya watu, jambo likabadilika, na likabaki limebadilika hata yeye alipokuwa yuko dakhalia (bweni) Tunguu, Unguja. Ninachokitafuta kipengele cha saba ni hicho. Cheo peke yake, kwenye karatasi yetu ya alama, hakina hata moja. Uliyewapanga watoto wa chuoni (madrasa) kwa makundi ili maalim mmoja awatosheleze, andika. Uliyepanga zamu za maji pampu ilipoharibika mtaani, andika. Baba yuko dago (kambi ya wavuvi) miezi minne na wewe ndiye uliyekuwa ukijibu barua za skuli za wadogo zako na kwenda kwenye vikao vya wazazi, hilo nalo liandike. Wanaoandika "Sina" kwangu wengi ni wa kike, na nikiwauliza kwa nini, jibu ni kuwa wanaona haya kujisifu. Nani kakwambia ujisifu? Taja ulichofanya, lini, na nani alikuwepo, kisha weka nukta.

Dhana nyingine potofu nazijibu haraka.

"Barua ya sheha inatosha kuthibitisha saa za kujitolea." Haitoshi. Sheha anathibitisha kuwa wewe ni mkaazi wa shehia yake, hakukaa nyuma ya darasa ukifundisha hesabu. Daftari la saa lisainiwe siku ile ile na aliyekuona. Niliwahi kuletewa daftari la saa nne kila Jumamosi, wino mmoja, mwandiko mmoja, mpaka Jumamosi iliyoangukia Idi. Nikamuuliza, Idi watoto walisoma? Akacheka, nami nikacheka, na daftari akarudi nalo nyumbani.

"Tumepanda miche ya mikoko, tupe saa zetu." Hapa subira huniishia. Vijana huchagua tope tupu la chini kwa kuwa ni rahisi kuchomeka na picha inapendeza. Kule maji hukaa mno, mche unakufa kabla haujashika. Mkoko unataka pale maji yanapojaa na kukupwa, mkandaa, aina nyingine ya mikoko, unataka juu zaidi, na wazee wa pwani ile wanajua zamani ilisimama wapi. Waulizeni kwanza. Kisha rudini baada ya bamvua (maji makubwa) tatu mhesabu iliyo hai. Saa za kurudi kuhesabu nazitoa bila kinyongo, za fulana na picha sizitoi.

"Ni mkopo kama wa Bodi." Sio. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar inakopesha, na mkopo hurejeshwa. Wetu haurejeshwi, ila saa zisipotimia unasimama. Ukiwa nao wote wawili, tuambie mapema. Na wala si JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), hatuna kambi wala kwata.

"Kujitolea kutamwangusha mwanangu masomoni." Hili la wazazi. Tunachodai ni GPA ya 2.7, yaani daraja la pili la chini, na wiki za mitihani hatudai hata saa moja. Wanaokwama kwangu ni wale wanaolala mwaka mzima, halafu mwezi wa mwisho wanataka saa 60 kwa mkupuo, huku sapu (mitihani ya marudio) mbili zinawangoja. Ushauri wangu haujabadilika: saa mbili kwa wiki, mahala pamoja, watu wale wale.

Wale 11 nitawapigia kuanzia Jumatatu, baada ya adhuhuri. Namba msiyoijua ikiita, pokeeni. Na mama akiwa karibu, mwiteni naye akae asikilize, huenda akawa na la kusahihisha.