Damu iliyokaa kwenye friza: yanayosemwa kuhusu vipimo vya homoni, na yalivyo

Swali la kwanza huwa lilelile: "Hiyo damu imekaa siku ngapi?" Ukisema mbili, mtu anakunja uso. Ukisema miaka kumi, anacheka. Mimi ningeanza kwingine: inapimwa homoni gani, ilivutwa kwenye tyubu ya kifuniko cha rangi gani, na ilikuwa wapi katika saa ya kwanza baada ya sindano kutoka mkononi. Saa hiyo moja mara nyingi huharibu kuliko mwaka mzima wa friza.

Dhana: Damu iliyokaa haifai tena kupimia homoni yoyote

Homoni si ukoo mmoja. Kotisoli, testosteroni na estradioli ni molekuli ndogo zinazotokana na kolesteroli. Hazina mnyororo wa protini wa kukatwakatwa na vimeng'enya. Seramu, yaani maji ya manjano yanayobaki damu ikishaganda, ikishatenganishwa na chembe za damu, kotisoli hukaa kwenye jokofu siku kadhaa bila kuyumba. Homoni za tezi ya thairoidi nazo ni sugu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Quebec nchini Kanada, daktari Jean Dussault na wenzake walionyesha kwamba tone la damu ya mtoto mchanga likikaushwa kwenye karatasi linatosha kupimia T4, homoni kuu ya tezi hiyo, na hivyo kumgundua mwenye tezi isiyofanya kazi kabla ubongo wake haujaathirika. Karatasi za namna hiyo hutumwa maabara kwa posta, bila barafu wala friza.

Sasa mtazame ndugu yao mwenye afya mbovu: ACTH, homoni ya pituitari (tezi ndogo chini ya ubongo) inayoziamuru tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zitoe kotisoli. Ni mnyororo wa asidi amino 39, na damu yenyewe ina vimeng'enya vya kuukata. Inataka tyubu ya EDTA (dawa inayozuia damu kuganda), ile ya kifuniko cha zambarau, iliyopozwa kabla. Inataka barafu, mashine ya kuzungusha yenye ubaridi, kisha plazima, yaani maji ya damu isiyoganda, itolewe na kugandishwa bila kuchelewa. Na tyubu iwe ya plastiki, kwa sababu ACTH hunata kwenye kioo.

Chukua damu ya mtu mmoja, mkono mmoja, dakika moja, kisha isahau mezani tangu asubuhi hadi alasiri. Kotisoli itasomeka karibu na ukweli wake. ACTH itakuwa imeporomoka. Daktari huzisoma mbili hizi pamoja: kotisoli ikiwa juu na ACTH chini, anashuku uvimbe kwenye adrenali, zote zikiwa chini, anaitazama pituitari. Kwa hiyo tyubu iliyosahauliwa mezani inaweza kumpeleka mgonjwa kwenye picha za tezi isiyo na kosa lolote.

Insulini nayo ina lake. Chembe nyekundu zikipasuka, labda kwa sindano nyembamba au tyubu kutikiswa kwa nguvu, zinamwaga kimeng'enya kinachoivunja. Ukiona seramu imeingia wekundu badala ya kuwa ya manjano, usiliamini jibu la chini la insulini, hata kama damu imefika maabara ndani ya nusu saa.

Dhana: Baridi ikizidi, usalama unazidi

Hii ndiyo inayowanasa hata wazoefu, maana kila walichofundishwa kinawaambia waweke barafu. Kuna renini, kimeng'enya cha figo kinachohesabiwa pamoja na homoni kwa kazi yake ya kuongoza shinikizo la damu. Ndani ya damu renini imezungukwa na mtangulizi wake aliyelala, prorenini, ambaye ni mwingi kuliko renini yenyewe mara nyingi. Plazima ikikaa kwenye ubaridi wa jokofu au juu ya barafu, sehemu ya prorenini huamka na kuanza kufanya kazi ya renini. Kipimo kinapanda kwa uongo.

Madhara yake si madogo. Renini hulinganishwa na aldosteroni, homoni ya adrenali inayohifadhi chumvi mwilini, ili kumtambua mtu ambaye shinikizo lake linatoka kwenye adrenali, ugonjwa wenye tiba yake mahususi. Renini ikipandishwa na barafu, uwiano unashuka na mtu huyo anaambiwa hana tatizo hilo. Utaratibu sahihi unaonekana kama uzembe: tyubu iachwe kwenye joto la kawaida la chumba, izungushwe kwenye joto hilohilo, kisha plazima igandishwe haraka. Siku ya kupima iyeyushwe haraka pia, isilazwe usiku kucha ndani ya jokofu. Yaani barafu inayoiokoa ACTH ndiyo inayoiharibu renini, na tyubu hizo mbili huenda zimetoka kwa mgonjwa mmoja na kuwekwa kwenye kisanduku kimoja.

Dhana: Sampuli ikiharibika, jibu hushuka tu

Laiti. Ukiweka seramu kidogo ndani ya tyubu kubwa kwa miaka, maji hupaa polepole na kuganda kama unga mweupe chini ya kifuniko. Kilichobaki kinazidi kukolea, na homoni sugu kama testosteroni inaonekana imeongezeka. Homoni ya ujauzito, hCG, imeundwa kwa vipande viwili vilivyoshikana, alfa na beta. Damu ikikaa kwenye joto, vipande huachana na kiasi cha beta huru hupanda. Beta huru hutumika kukadiria uwezekano wa mtoto kuwa na hali ya kuzaliwa iitwayo Down, kwa hiyo damu iliyosafirishwa kwenye joto inaweza kumtia mama hofu bure.

Kisha kuna kisa cha AMH, homoni inayotumika kukadiria akiba ya mayai. Karibu mwaka 2012 ilibainika kwamba kwa kipimo kimojawapo kilichokuwa kikitumika sana, sampuli iliyokaa kwenye joto la chumba ilisomeka juu kuliko mbichi. Protini za kinga zilizomo kwenye seramu mbichi zilikuwa zikizizuia kingamwili za kipimo, zile zinazoikamata homoni, zisifanye kazi. Zilipochakaa kwa kukaa, kizuizi kikaondoka. Sampuli mbichi ndiyo iliyokuwa ikidanganya. Dawa ikawa kuichanganya seramu na kimiminika cha kipimo kabla ya kupima.

Dhana: Ukishaigandisha, umemaliza

(Kiswahili kinatubana kidogo hapa: damu huganda yenyewe ikikaa, na huganda tena kwenye friza. Ninazungumzia ya friza.)

Nyuzi 20 chini ya sifuri zinatisha ukizisikia, lakini maji yenye chumvi ya kawaida hayakamiliki kuganda mpaka yafike karibu nyuzi 21 chini. Kwenye friza ya hasi 20 vinabaki vijifuko vya kimiminika kikali cha chumvi, na protini ziko humo. Ndiyo maana sampuli za miaka mingi hupelekwa hasi 80 au kwenye naitrojeni ya kimiminika. Friza zinazojiyeyusha barafu zenyewe ni mbaya zaidi, maana hupanda joto na kushuka kila mara bila mtu kujua.

Tyubu inapoyeyuka bila kuguswa, itazame kwenye mwanga. Juu kuna maji karibu meupe, chini kuna manjano iliyokolea: protini na chumvi zimezama. Anayenyonya sampuli kutoka juu bila kuigeuzageuza kwanza atapata jibu la maji. Hapo kosa si la friza wala si la miaka.

Dhana: Damu ya miongo iliyopita haina faida kwa utafiti

Norwe ina benki ya seramu iitwayo Janus, iliyoanza mwaka 1973 na kuhifadhi kwa hasi 25, na bado hutafitiwa. UK Biobank ilikusanya damu za watu wapatao 500,000 kati ya 2006 na 2010 na kupima homoni kama testosteroni baadaye. Siri yao ni kulinganisha sampuli zilizokaa pamoja, muda uleule na kwa namna ileile. Ukichukua namba moja ya seramu ya zamani ukaipima kwa viwango vya leo, au ukalinganisha sampuli za wagonjwa zilizoyeyushwa mara tatu na za wazima zilizoyeyushwa mara moja, unapima friza, si homoni.

Dhana: Ukilitilia shaka jibu, rudia sampuli ileile

Utarudia kosa lilelile. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kwamba biotini, vitamini ya nywele na kucha, huvuruga baadhi ya vipimo vya homoni. Biotini hiyo haitoki kwenye damu kwa kugandishwa. Kotisoli iliyovutwa saa kumi alasiri wakati ilitakiwa ya saa mbili asubuhi nayo itabaki ya alasiri. Shaka ya namna hiyo huondolewa kwa sindano mpya. Kama mgonjwa hapatikani tena, tafuta fomu ya sampuli uone nyakati mbili, ya kuvutwa damu na ya kutenganishwa. Ikiwa imeandikwa ya kwanza tu, ACTH usiisome kabisa.