"Kazi ya Mungu haina makosa": sentensi inayodai mengi

Kwenye matanga ya Wakristo hapa Malindi, sentensi hii husikika kabla hata turubai halijafungwa. Kwa kuwa ina "haina", wengi huidhani ni unyenyekevu. Sivyo. Imekwisha kudai kwamba kifo hiki ni kazi ya Mungu, na kwamba msemaji ameikagua kazi yenyewe.

Teolojia ya kukanusha, yaani njia ya kumzungumzia Mungu kwa kusema asivyo, hukataa madai ya aina hiyo. Kwanza unakiri: Mungu ni mwema. Kisha unakanusha: si mwema kama jirani, anayepimwa kwa wajibu wake. Halafu unakanusha hata huko kukanusha: wala si baridi, wala si asiyejali. Wengi hukwama kwenye hatua ya pili, wakarudi nyumbani na Mungu wa jiwe.

Mwandishi wa karibu mwaka 500 aliyetumia jina la Dionisio Mwareopago, mmoja wa walimu wa teolojia hii, alifundisha pia kwamba uovu hauna uwepo wake wenyewe. Hapa watu husikia "uovu haupo", na hilo ni kosa baya. Tazama dau lililopandishwa ufukweni. Pale kalafati, yaani kizibo cha nafasi za mbao, ilipochomoka kati ya mbao mbili pana mwanya. Si ubao, si msumari, huwezi kuuokota. Lakini maji hupita hapo hapo, na dau huzama na watu wake. Uovu ni ukosefu wa namna hiyo: kilichopasa kuwapo hakipo.

Mbona Mungu akauacha mwanya? Swali hili humfanya Mungu kuwa nahodha aliyeona maji akanyamaza, yaani mtendaji mmoja kati ya watendaji wengi. Teolojia hii humkana Mungu wa namna hiyo, lakini haimnyamazishi anayelia. Katika Ayubu 42:7 wanaokemewa ni marafiki waliokuwa na maelezo ya kila kitu. Ayubu aliyelalamika ndiye aliyenena yaliyo sawa.

Nasi tunaoishi karibu na msitu wa Shakahola, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, tunajua watu hufikishwa wapi na uhakika kwamba Mungu anataka wafunge hadi wafe.

Kwa hiyo, ndugu katekista, matangani acha "Mungu alimpenda zaidi." Toa pole. Ukiulizwa kwa nini, sema hujui, na usiongeze "lakini". Kisha soma Zaburi 88 yote. Inaishia gizani, bila mstari wa faraja. Ukifika hapo, funga Biblia uketi na wafiwa.