Saratani za mfumo wa mkojo: yanayosemwa mitaani na yanayoonyeshwa na vipimo

Saratani za kibofu cha mkojo, tezi dume, figo na korodani huangukia mikononi mwa daktari bingwa mmoja, ingawa mienendo yake hutofautiana sana. Dhana potofu nyingi zinazozizunguka zina mzizi mmoja: imani kwamba kiungo chenye saratani ni lazima kilete maumivu, au kishindwe kufanya kazi yake. Kwa saratani hizi maumivu aghalabu huja mwishoni, wakati tiba imekuwa ngumu na ya gharama kubwa.

“Mkojo ulikuwa na damu, lakini ilikata yenyewe.”

Katika dhana zote zinazotajwa hapa, naiona hii kuwa yenye madhara makubwa zaidi. Uvimbe wa kibofu hutoa damu kwa vipindi: leo mkojo unakuwa mwekundu, kesho unarudi katika rangi yake, na unaweza kubaki hivyo kwa miezi huku uvimbe ukiendelea kupenya ukuta wa kibofu. Kukata kwa damu hakuthibitishi kupona, na damu isiyoambatana na mchomo wowote inapaswa kutiliwa shaka zaidi kuliko ile inayochoma, kwa kuwa mchomo mara nyingi huelekeza kwenye maambukizi au mawe.

Kwetu tatizo hili lina mtego wa ziada, nao ni kichocho, ugonjwa wa minyoo inayopatikana majini. Mtu aliyekulia Pemba, Kwale, Kilifi au kando ya malambo ya Shinyanga huenda aliona watoto wenzake wakikojoa damu, na jambo hilo likachukuliwa kuwa sehemu ya kukua. Mayai ya minyoo hiyo hunasa kwenye ukuta wa kibofu na kuusumbua kwa miaka mingi, hadi chembechembe zake zinaanza kubadilika. Ndiyo maana mwaka 1994 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliiweka minyoo ya kichocho cha mkojo katika kundi la visababishi vilivyothibitika vya saratani kwa binadamu. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo, lakini haiondoi uvimbe uliokwisha kuota. Kwa hiyo mtu mzima anayetoa damu kwenye mkojo, akapewa dawa ya kichocho au ya UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) mara moja, mara mbili, mara tatu, bila kibofu chake kuangaliwa kwa ndani, bado hajachunguzwa. Wanawake huathirika zaidi na mazoea haya, kwa sababu UTI kwao ni jibu lililo karibu mno.

Kipimo kinachohitajika ni sistoskopi, yaani kamera nyembamba inayopitishwa kwenye njia ya mkojo. Ultrasaundi husaidia, ila uvimbe mdogo au ulio bapa unaweza kuipita bila kuonekana. Kwa mvuta sigara haja ya kipimo hiki huwa kubwa zaidi hata kama hajawahi kuoga bwawani, kwa kuwa sumu za moshi huchujwa na figo kutoka kwenye damu, kisha hukaa kibofuni saa kadhaa zikisubiri kutolewa.

“Uvimbe ulikwanguliwa, kazi imekwisha.”

Saratani ya kibofu ambayo haijaingia kwenye msuli ina tabia ya kurudi, na tiba yake haitenganishiki na ufuatiliaji. Kamera hurudishwa baada ya miezi mitatu, halafu kwa ratiba inayotegemea ukali wa uvimbe, na kwa wengine huendelea kwa miaka. Wenye hatari kubwa huwekewa ndani ya kibofu dawa ya BCG, ile ile inayotokana na chanjo ya kifua kikuu wanayochomwa watoto wachanga, mara moja kwa wiki kwa wiki sita, kisha kwa awamu za nyongeza. Njia hii, iliyoelezwa na daktari Alvaro Morales na wenzake nchini Kanada mwaka 1976, huchochea kinga ya mwili ishambulie mabaki ya saratani. Haifai hata hivyo kwa kila saratani ya kibofu: aina inayotokana na kichocho kwa kawaida huwa imeingia ndani inapogunduliwa, na tiba yake kuu ni kuondoa kibofu chote na kutengeneza njia nyingine ya mkojo.

“Nakojoa vizuri, kwa hiyo tezi dume yangu ni salama.”

Tezi dume imezunguka njia ya mkojo chini ya kibofu. Uvimbe wa kawaida wa uzeeni, ambao si saratani, huota sehemu ya kati ya tezi na kuubana mrija mapema; saratani kwa sehemu kubwa huanzia pembezoni, kuelekea upande wa njia ya haja kubwa, mahali inapoweza kukua muda mrefu bila kugusa mkojo. Matokeo yake ni kwamba mzee anayeamka mara nne usiku na kusubiri mkojo uanze anaweza kuwa hana saratani kabisa, wakati jirani yake anayekojoa kwa kasi ya kijana anayo. Anayetaka kuigundua mapema hapaswi kungoja dalili. Wanaume wenye asili ya Afrika, na wale ambao baba au ndugu zao waliugua, wako katika hatari kubwa zaidi, na ni busara wazungumze na daktari kuhusu kipimo wanapokaribia miaka 45 au hata kabla ya hapo.

Wengi huyakwepa mazungumzo hayo kwa hofu ya kipimo cha kidole, ambacho kimetaniwa vijiweni hadi kikaonekana ndicho mwanzo na mwisho wa uchunguzi. Siku hizi hatua ya kwanza ni damu kidogo ya mkononi kwa ajili ya kupima PSA, protini ya tezi dume. Kidole bado kina kazi yake, hasa palipo mbali na MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, ila peke yake hukosa saratani nyingi za mapema.

“PSA ikipanda ni saratani, ikiwa chini ya 4, lala usingizi.”

Nusu zote mbili za kauli hii zina kasoro. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi yenyewe, iwe nzima au ina ugonjwa. Hupandishwa na uvimbe wa kawaida, na maambukizi, na mpira wa mkojo, na hata kumwaga mbegu siku moja au mbili kabla ya kipimo; aliyekuwa na UTI anashauriwa asubiri takriban wiki sita. Kwa upande mwingine, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 uliwafanyia biopsi, yaani kuchukua kinyama cha kupimwa, wanaume ambao PSA yao haikuzidi 4, na takriban asilimia 15 kati yao walikutwa na saratani. Isitoshe, anayetumia finasteride kwa ajili ya uvimbe wa tezi huona PSA yake ikishuka kwa karibu nusu baada ya miezi kadhaa, hivyo daktari asiyejua kuhusu dawa hiyo ataisoma namba vibaya.

Baada ya tiba, namba ile ile hubadilika maana. Aliyeondolewa tezi yote anatarajiwa kuwa na PSA isiyopimika, na ikifika 0.2 na kuthibitishwa kwa kipimo cha pili, huhesabiwa kuwa ugonjwa umerudi. Aliyetibiwa kwa mionzi bado ana tezi, hivyo kwake hupimwa kiasi cha kupanda, yaani pointi 2 juu ya kiwango cha chini kabisa alichofikia. Wagonjwa wawili wenye 0.5 wakilinganisha karatasi zao kwenye benchi la kliniki, mmoja anaweza kuwa na sababu ya kuhangaika na mwenzake asiwe nayo.

“Ukichukuliwa kinyama cha kupimwa, saratani husambaa.”

Kwa tezi dume hofu hii haina msingi unaoweza kumzuia mtu asipimwe. Hatari halisi za biopsi ni damu kwenye mkojo au mbegu kwa muda na, zaidi ya yote, maambukizi pale sindano inapopita kwenye njia ya haja kubwa. Kuna kiungo kimoja ambacho madaktari wenyewe huchukua tahadhari kama hiyo, nacho ni korodani: uvimbe wake hauchomwi sindano kupitia mfuko, bali korodani yote hutolewa kupitia kinena. Kwa hiyo kijana wa pwani mwenye korodani iliyokuwa ngumu asikubali haraka kwamba ni busha. Ultrasaundi hutofautisha maji na nyama, na saratani hii mara nyingi hupona hata ikiwa imesambaa, kwa dawa za saratani zenye sisplatini.

“Kumwaga mbegu mara 21 kwa mwezi ni kinga ya saratani ya tezi dume.”

Ujumbe huu hausahauliki, kwa sababu zinazoeleweka. Ulitokana na utafiti wa kweli wa mwaka 2016 juu ya wanaume wa Marekani wafanyao kazi za afya, ambao walijaza madodoso na kufuatiliwa miaka mingi. Waliotaja idadi hiyo waligunduliwa saratani ya tezi dume kwa uchache wa takriban asilimia 20 kuliko waliotaja mara chache, na tofauti ilionekana hasa kwa saratani zisizo kali. Huo ni uhusiano tu, na haufuti haja ya kupima.

“Ikigunduliwa, itolewe leo.”

Nchini Uingereza, utafiti wa ProtecT uliwagawa kwa bahati nasibu wanaume 1,643 wenye saratani ya tezi dume isiyosambaa katika makundi ya upasuaji, mionzi na ufuatiliaji. Matokeo ya miaka 15, yaliyochapishwa mwaka 2023, yalionyesha vifo vitokanavyo na saratani hiyo vya asilimia 2 hadi 3 hivi katika kila kundi, ingawa saratani ilisambaa zaidi kwa waliofuatiliwa na wengi wao walitibiwa baadaye. Kwa saratani yenye daraja la chini, kupima PSA, MRI na biopsi kwa ratiba ni tiba halali, na humwepushia mtu kuvuja mkojo na kupoteza nguvu za kiume kabla ya wakati. Nafasi hiyo humfaa aliyegunduliwa mapema. Anayefika hospitali ugonjwa ukiwa kwenye mifupa hana hiari hiyo.

Kwake yeye msingi ni tiba ya homoni, iliyotokana na kazi ya Charles Huggins mjini Chicago mwaka 1941, aliyeonyesha kwamba saratani hii hulishwa na homoni ya kiume na ambaye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Sindano za kila mwezi au kila miezi mitatu hufanya kazi sawa na kuondolewa korodani, na upasuaji huo, japo wanaume wengi huuona kama kuvuliwa utu, hugharimu mara moja na hushusha homoni ndani ya siku moja. Mgonjwa huyo akianza kuumwa mgongo na miguu ikalegea au kufa ganzi, uti wa mgongo unabanwa, na anapaswa kufikishwa hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa miguu ikishapooza kabisa ni nadra irudi hata akipewa mionzi.