Wati nyingi si nguvu ya kufyonza

Wengi wetu tukienda kununua vakyumu ya kusimama (mashine ya kufyonza vumbi inayosukumwa kwa mpini ulio wima), jicho la kwanza huangukia wati kwenye boksi: ya 2000 lazima iishinde ya 800. Si ajabu, kwenye pasi na hita mambo ndivyo yalivyo.

Lakini wati hupima umeme unaoliwa na mota, si vumbi linalotoka kwenye zulia. Mfuko ukijaa au filta ikiziba, hewa haipiti vizuri. Tena vakyumu ya kusimama ina brashi inayozunguka chini. Nywele na nyuzi zikiizonga, mchanga unabaki palepale hata mota ivume vipi. Katika nchi nyingi za Ulaya, tangu Septemba 2017 vakyumu mpya za kawaida za nyumbani haziruhusiwi kufikia wati 900, na mazulia bado yanasafishika.

Jaribu mwenyewe. Nyunyiza kijiko cha mchanga mkavu kwenye kipande cha zulia, pitisha mashine mara mbili, kisha kigeuze ukikung'ute juu ya gazeti. Sasa mwaga vumbi, safisha filta, kata nywele za kwenye brashi kwa mkasi (chomoa plagi kwanza, tafadhali), halafu rudia. Linganisha mchanga ulioanguka.