Wazo halina hakimiliki: tumtazame Julie Taymor kabla hujaleta malalamiko

Kipindi hiki malalamiko ya waongozaji wa maigizo yamekuwa mengi sana kwenye dawati letu la hakimiliki, na karibu yote yanafanana, mtu anaingia amekasirika anasema fulani kaniibia staili yangu, ukimuuliza staili ipi na imeandikwa wapi anakuangalia kama vile wewe ndo umemwibia. Sasa badala ya kujibu mmoja mmoja nimeona niandike hapa, na mfano nitakaotumia ni wa mwongozaji Mmarekani Julie Taymor, maana kwake utaona pande zote mbili, pale mambo yalipokaa vizuri na pale yalipofika mahakamani. Haya ni maelezo ya jumla, hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili wako.

Taymor mnamjua hata kama jina halikai kichwani, ndo yule wa The Lion King ya jukwaani, ile yenye kina Simba, Rafiki, Sarabi na Pumbaa. Na kabla hujaanza, hapana, Disney hawajakukataza kusema hakuna matata. Mwaka 2003 walisajili maneno hayo Marekani kama alama ya biashara kwenye mavazi, mwaka 2018 watu wakasaini malalamiko mtandaoni kwa maelfu, na mpaka leo kuna mtu anakuja kuniuliza kama tutalipia Kiswahili. Alama ya biashara inalinda jina au nembo ya bidhaa, hakimiliki inalinda kazi ya sanaa yenyewe, ni vitu viwili tofauti, na sitarudia hilo kwenye makala hii.

Huyu mama alizaliwa mwaka 1952 Newton, Massachusetts, akaanza maigizo akiwa mtoto Boston, akiwa bado kijana akaenda Paris kwenye shule ya Jacques Lecoq ambako mwili ndo unafundishwa kuongea kabla ya mdomo, akasoma chuo cha Oberlin, na baada ya kumaliza mwaka 1974 akapata ufadhili wa kwenda Japani na Indonesia. Indonesia alienda kwa muda mfupi akabaki kama miaka minne, akaanzisha kikundi chake kinaitwa Teatr Loh. Kuna kisa amekisimulia mwenyewe cha kijiji cha Trunyan kule Bali, amekaa peke yake gizani chini ya mti, mara wakatokea wazee wamevaa maleba kamili ya kivita na mikuki, wakacheza kwenye uwanja mtupu bila mtazamaji hata mmoja, wala hawakujua kama yeye yupo. Anasema pale ndo alielewa kwamba igizo linaweza kuchezwa kwa ajili ya Mungu tu, na kwa sababu hiyo kila uzi wa vazi lazima uwe umeshonwa vizuri hata kama hakuna anayeangalia.

Aliporudi Marekani akafanya kazi nyingi na mtunzi wa muziki Elliot Goldenthal, ikiwemo igizo la Juan Darién la mwaka 1988 ambalo lilijaa vinyago na vikaragosi, na mwaka 1991 akapewa tuzo ya MacArthur, ile ya Marekani ya watu wenye ubunifu wa pekee. Halafu Disney wakamwita.

Watu wengi wanadhani ile The Lion King ni filamu ya katuni imepandishwa steji. Ukweli ni kwamba alifanya kitu ambacho wauza katuni wengi wangekiogopa, akakataa kumficha mwigizaji. Kinyago cha Mufasa, baba yake Simba, hakifuniki uso, kinakaa juu ya kichwa, kwa hiyo unamuona simba na unamuona mtu kwa wakati mmoja. Cha Scar, yule simba mwovu, kina mtambo, mwigizaji ana swichi ndogo mkononi, akiinama kwa hasira kinyago kinashuka mbele ya uso wake, akitulia kinarudi juu, na vinyago hivyo vimetengenezwa kwa nyuzi za kaboni ili visimvunje mtu shingo. Duma ni kikaragosi kinachoungana na mwili wa mchezaji, kichwa cha duma kimefungwa kamba kwenye kichwa cha mtu, mtu akigeuka duma anageuka. Twiga ni mtu amesimama kwenye fimbo ndefu nne, mbili za miguu na mbili za mikono. Swala wanaruka kwa kuzungushwa na magurudumu ya kigari kinachosukumwa na mtu mmoja unayemuona kabisa, hajifichi. Ukame ukija, kitambaa cha hariri cha bluu kilichotandazwa kama bwawa kinavutwa kidogo kidogo kwenye tundu la sakafu mpaka kinaisha. Na simba jike wakilia wanavuta utepe mrefu mweupe kutoka machoni. Hiyo ndo mbinu yake, unatafuta umbo moja rahisi linalobeba igizo zima, pale lilikuwa duara, halafu unamwachia mtazamaji amalizie kichwani mwake. Rafiki, ambaye kwenye filamu ni dume, yeye akamfanya mwanamke, kwa sababu aliona hadithi ina uhaba wa wanawake wenye nguvu.

Igizo lilifunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, Novemba 1997 kwenye ukumbi wa New Amsterdam, na mwaka 1998 Taymor akawa mwanamke wa kwanza kupata Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya Broadway, ya kuongoza igizo la muziki, na usiku huohuo akachukua na ya maleba. Mpaka sasa duniani watu zaidi ya milioni 100 wameshaliona.

Sasa tufike kwenye ishu yenyewe. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976, kifungu cha 102, inataja kazi zinazolindwa: maandishi, muziki, maigizo, dansi, michoro na sanamu, filamu, rekodi za sauti, na baadaye usanifu wa majengo ukaongezwa. Kuongoza igizo hakumo kwenye orodha hiyo. Na kipengele (b) cha kifungu hichohicho kinasema waziwazi kwamba wazo, mbinu, mfumo na namna ya kufanya kitu havilindwi, na sheria zetu hapa Afrika Mashariki zinafuata msimamo huohuo. Kwa hiyo kumuonyesha mtu na kikaragosi chake kwa pamoja, hilo halimilikiwi na Taymor, na yeye mwenyewe kalikuta Japani kwenye bunraku, maigizo yao ya jadi ya vikaragosi, watu wanalifanya tangu enzi na enzi. Ukitaka kulitumia kesho kwenye igizo lako la shule litumie. Lakini mchoro wa kile kinyago cha Scar, umbo lenyewe, rangi zenyewe, hiyo ni kazi ya sanaa inalindwa. Kuna kikundi kilituambia hawajaiga chochote wao "wameongozwa" tu na picha za intaneti, halafu vinyago vyao ukiviweka pembeni ya picha vinafanana mpaka mstari wa nyusi. Jamani.

Angalia sasa majina ya kazi, maana hapa ndipo waongozaji wetu wanapopotea. Taymor kwenye Lion King hakuandikwa mwongozaji peke yake. Ameandikwa mwongozaji, ameandikwa mbunifu wa maleba, ameandikwa mbunifu wa vinyago na vikaragosi pamoja na Michael Curry, na ameandikwa kwenye mashairi ya wimbo wa Endless Night. Kila kofia ni mstari wake kwenye mkataba na kila mstari unaweza kuwa na mirabaha yake. Wewe umeongoza, umeandika skripti, umeshona nguo, umepaka rangi mandhari, mkataba unasema "huduma za uongozaji" laki tano, halafu unakuja kwetu kudai skripti.

Umuhimu wa jambo hilo ulionekana kwenye Spider-Man: Turn Off the Dark. Igizo la dola milioni 75, muziki wa Bono na The Edge wa bendi ya U2, watu wanaruka juu ya vichwa vya watazamaji kwa kamba. Maonyesho ya majaribio yakaanza Novemba 2010, wachezaji wakaumia, mmoja akaanguka vibaya Desemba mbele ya watazamaji, tarehe ya ufunguzi ikaahirishwa tena na tena, na Machi 2011 Taymor akaondolewa. Kazi ikaletewa mwongozaji mwingine, baadhi ya wahusika wakafutwa, wengine wakapunguzwa, igizo likafunguliwa rasmi Juni 2011. Kama Taymor angekuwa mwongozaji tu, mzozo ungebaki kwenye malipo yake ya kuongoza, na kwa hilo chama cha waongozaji cha Marekani kilimsimamia na wakaelewana mwanzoni mwa 2012. Ila yeye alikuwa pia mwandishi mwenza wa skripti. Kwa hiyo Novemba 2011 akafungua kesi kwenye mahakama ya shirikisho Manhattan akisema maneno yake bado yanatumika jukwaani bila ruhusa wala malipo, maprodyuza nao wakamshtaki kwamba hakutimiza mkataba, na Aprili 2013 wakamalizana nje ya mahakama. Hakukuwa na hukumu. Anayekuambia "Taymor alishinda" au "alishindwa" anakudanganya.

Na swali la kama uongozaji wenyewe unalindwa halijajibiwa vizuri hata huko kwao. Mwongozaji Joe Mantello aliushtaki ukumbi mmoja wa maigizo wa Florida miaka ya 90 kwamba umenakili namna alivyoongoza igizo la Love! Valour! Compassion!, nayo kesi ikaishia kwenye makubaliano. Kwa hiyo usitarajie ofisi yetu ijibu kwa simu kitu ambacho mahakama za New York zimekikwepa.

Kwa wenzetu mnaoandaa maigizo mkiwa Marekani, utaratibu ni huu na naomba msome polepole. Kazi iliyotokea huko lazima uombe usajili kwenye ofisi ya hakimiliki ya hukohuko na ujibiwe ndipo ufungue kesi, ada kwa njia ya mtandao ni dola 45 kwa kazi moja ya mtu mmoja au 65 kwa maombi ya kawaida. Ukisajili kabla ya kuibiwa, au ndani ya miezi mitatu tangu kazi ilipochapishwa mara ya kwanza, unaweza kudai fidia ya kisheria, yaani ile isiyohitaji uthibitishe hasara, ya dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi, na kama aliyeiba alifanya makusudi mahakama inaweza kupandisha mpaka 150,000. Ukichelewa unabaki kuthibitisha hasara halisi, na hasara halisi ya igizo la watazamaji sitini ni ndogo mno. Muda wa kushtaki ni miaka mitatu.

Kwa Tanzania na Kenya, ulinzi unaanza kazi inapoundwa, usajili siyo sharti, lakini bila usajili mzigo wa ushahidi unakuelemea wewe. Ulinzi ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake, Marekani ni 70. Adhabu zipo, faini au kifungo au vyote viwili kutegemea kosa, lakini kabla ya kutaja polisi kwenye grupu la WhatsApp la kikundi leta kwanza malalamiko.

Ukija, njoo na skripti yenye tarehe na majina ya wote walioiandika, michoro au picha za maleba na vinyago, rekodi ya onyesho kama ipo, na mkataba uliosainiwa, kurasa zote siyo ile ya mwisho peke yake. Kama mliandika wawili njooni wawili, au lete barua ya mwenzako. Meseji za simu tunapokea, ila zichapishe kwenye karatasi namba ya mtumaji na tarehe vionekane, hatuna ruhusa ya kukaa na simu ya mtu.